Maneno Niliyomsingizia Mama wa Dagaa

Nilipofika kwa mjomba alikuwa na jicho moja na nusu. La kushoto lilikuwa linaona vizuri. La kulia lilishaingia ukungu, na daktari wa misheni alikuwa amemwambia wazi kwamba la kushoto nalo litafuata, labda baada ya mwaka, labda miwili. Kwa hiyo nilipewa kazi kabla sijafungua hata sanduku langu.

"Taipu unajua?"

"Najua, mjomba. Masista walitufundisha."

"Basi keti. Sanduku halikimbii."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri barua ya chuo cha ualimu. Nyumbani walisema barua itakuja baada ya miezi mitatu, nikapanda meli Bukoba nikijua kabisa kwamba Mwanza ni ya kupita tu. Nilikaa mwaka na zaidi. Haya ninayoandika hapa yalitokea mwishoni mwa mwaka huo, na nayatoa kwenye daftari langu la wakati ule. Daftari hilo lina kurasa tatu nilizozichana mwenyewe. Nitasema kwa nini.

Mjomba ni padre, na ni msomi wa Maandiko. Watu wakisikia hivyo wanafikiri ni mtu wa kusali sana. Anasali, ndiyo, lakini kazi yake ni maneno. Alitoka kwenye migomba ya kwetu akaenda seminari, akapata upadre, wakampeleka Roma miaka minne, halafu Yerusalemu miwili. Huko alisoma Kiebrania na Kigiriki mpaka akawa anaota kwa Kiebrania, yeye mwenyewe anasema. Bibi yangu, mama yake, alikuwa anawaelezea majirani hivi: "Mwanangu amekwenda kujifunza lugha ya Wayahudi ili awaulize vizuri walikuwa wanamaanisha nini."

Aliporudi walimpa kufundisha seminari kuu. Huko ndiko alikoanza ile tabia yake. Mwanafunzi akimaliza kueleza sehemu ya Maandiko darasani kwa maneno makubwa, mjomba anamwambia: nenda jikoni, kamweleze mpishi. Baada ya siku mbili mjomba anakwenda kwa mpishi kuuliza alichobakiwa nacho. Mpishi akisema hakumbuki kitu, mwanafunzi anapata sifuri. Wakubwa hawakupenda. Wakasema anawadhalilisha mapadre wa kesho mbele ya sufuria. Baada ya miaka kadhaa akaletwa Mwanza, kwenye nyumba ya mapadre iliyo juu ya mawe upande wa Kirumba, aandike vitabu vya maelezo ya Maandiko kwa Kiswahili, vya makatekista wa vijijini. Hakufukuzwa. Alihamishwa. Tofauti hiyo alikuwa anaitaja mara nyingi mno.

Chumba chake kilikuwa na meza, mashine ya taipu, na makopo. Makopo yalikuwa ya maziwa ya unga ya msaada, na ndani yake kulikuwa na vikadi, mamia ya vikadi. Karatasi zilikuwa shida, kama sukari, kama sabuni, kwa hiyo vikadi alivikata kwenye kalenda za zamani na maboksi ya sigara. Upande mmoja neno la Kiebrania, upande wa pili maneno yote ya Kiswahili aliyoyajaribu, mengi yamekatwa. Juu ya karatasi zake aliweka jiwe la ukubwa wa ngumi, la kutoka Yerusalemu. Wageni walikuwa wanaligusa halafu wanafanya ishara ya msalaba. "Ni jiwe la barabarani," anawaambia. "Nilijikwaa nalo."

Kitabu alichokuwa anakiandika nilipofika kilihusu kile kisa kifupi cha wajane wawili, mkwe na mkwewe: wanarudi kutoka nchi ya ugenini wakiwa hawana kitu, na yule mdogo, mgeni, anaokota masazo nyuma ya wavunaji mpaka anaolewa na mwenye shamba. Sura nne tu. Nikasema moyoni, sura nne, miezi miwili tumemaliza.

Sikujua habari ya kulaza.

Kulaza ndio ule mtindo wa mpishi, ila sasa ulikuwa umekua na kuwa sheria. Kila sura ikishaandikwa kwa Kiswahili, inasomwa kwa mtu asiyejua kusoma. Mara moja tu, polepole. Hakuna kueleza. Halafu unaondoka. Neno linalala siku mbili. Siku ya tatu unarudi, unamwambia mtu yule: niambie. Anachosema, unaandika kama kilivyo, na kile ambacho hakusema unaandika pia kwamba hakukisema. Mjomba alikuwa anasema kilichobaki sikioni baada ya siku mbili ndicho ulichoandika kweli, mengine yote ulijiandikia mwenyewe.

Kwa kisa cha wajane alitaka mjane. Tukampata mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga chini ya Kirumba, mama mmoja mtu mzima wa pwani ya Mara aliyekuwa anaanika dagaa juu ya miamba. Mume alikuwa amezama ziwani zamani, na ndugu wa mume walichukua mtumbwi na nyavu, wakataka kumchukua na yeye. Alikataa. Alikuwa amekataa pia darasa la elimu ya watu wazima mara tatu, na mjomba alifurahi sana kusikia hivyo.

"Serikali inanimalizia wasikilizaji," aliniambia. "Huyu asijifunze kusoma mpaka nimalize."

Mara ya kwanza nilipokwenda na karatasi zangu alinitazama kuanzia miguuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwarimu. Umekuja kunifundisha a-e-i-o-u?"

"Hapana bibi, nimekuja kukusomea tu. Wewe usikilize."

"Nikisikiliza nalipwa?"

"Hapana."

"Basi geuza wale dagaa huku unasoma."

Nikawa nasoma huku nageuza dagaa, jua kichwani, kunguru wanatuzunguka, na wanawake wengine wanacheka viatu vyangu. Siku ya tatu nilirudi, akanieleza sura nzima bila kuacha kitu, na akaongeza mambo. Sura ya pili ikawa hivyo hivyo. Mjomba alikuwa anachukua taarifa zangu kwa mikono miwili kama anapokea hostia. Lakini kila sura ilitaka kurudiwa. Neno moja likibadilika, inasomwa upya, inalazwa upya. Mwezi, miezi miwili, mitano. Wenzangu wa shule walikuwa wameshaitwa jeshini, wengine chuoni. Mimi nanuka dagaa.

Halafu ikaja sura ya tatu. Ndiyo ile ambayo mama mkwe anamtuma mjane mdogo aende usiku kwenye uwanja wa kupuria nafaka, alale miguuni pa yule mwenye shamba. Niliona aibu hata kuichapa, sembuse kuisoma mbele ya wanawake wa mwaloni. Nikashuka hivyo hivyo. Sikumkuta. Wakasema amekwenda msibani Ukerewe, atakaa wiki mbili, labda tatu.

Wiki tatu! Na mashine ya kurudufu, ya kutoa nakala za sura tatu za kwanza kwa ajili ya kamati ya Askofu, tulikuwa tumeipata kwa kuazima Nyamagana, Alhamisi ile, siku moja tu, na stensili tulizozitafuta miezi minne zilikuwa mezani. Ningepeleka sura mbili tu, tungesubiri mpaka lini tena?

Nilikaa juu ya jiwe njiani kupanda kwenda nyumbani, nikafungua daftari, nikaandika taarifa. Niliandika jinsi mama wa dagaa alivyosikiliza, jinsi alivyocheka mahali fulani. Niliijua sauti yake, haikunipa shida. Na mwishoni nikaweka maneno haya mdomoni mwake: huyo binti hakwenda kuomba mume, alikwenda kuomba shamba.

Sijui yalitoka wapi. Labda nilitaka kumaliza vizuri.

Siku mbili baadaye nilimsomea mjomba. Nilipofika kwenye maneno yale alininyooshea kidole ninyamaze. Akasimama, akatoka nje, akasimama kwenye mawe akitazama ziwa. Aliporudi jicho lake zima lilikuwa limelowa.

"Rudia."

Nikarudia.

"Nimezunguka neno hili tangu Roma," akasema. "Maprofesa wameandika vitabu vinene. Na mama wa dagaa, siku mbili tu..."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Yeye akaketi, akachukua kikadi, akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho, na maelezo yote ya sura ya tatu akayajenga juu ya sentensi ile, kurasa kumi na moja, akiandika: mjane mmoja wa ziwani alisema hivi. Mimi nikayachapa. Kurasa kumi na moja.

Mama wa dagaa aliporudi msibani nilikwenda na sura ya nne. Alinisikiliza, halafu akaacha kugeuza dagaa.

"Mwarimu, umeruka. Juzi binti anaokota masazo, leo mzee anaitisha kikao amuoe. Katikati kulitokea nini?"

"Ni sehemu fupi tu bibi. Haina maana."

"Haina maana?" Akacheka. "Mtu anapata mume halafu unasema haina maana? Wewe huolewi."

Kitabu chote kikapelekwa kwa Askofu kuombewa idhini, maana bila idhini hakichapwi. Miezi ikapita. Jicho la kulia la mjomba likafa kabisa. La kushoto likaanza kuona taa zina mviringo. Alikuwa ananiuliza kila siku kama posta wameleta kitu, na mimi nilikuwa nauliza hivyo hivyo kwa ajili ya barua yangu, tukawa kama watu wawili wanaosubiri basi moja.

Vyote vikaja wiki moja. Barua yangu ya chuo, niripoti Jumatano. Na Monsinyori, aliyetumwa na Askofu kukikagua kitabu. Alifika Ijumaa kwa treni, mtu mnene, mpole, ana penseli nyekundu mfukoni mwa kanzu. Wakati wa chai alicheka akasema, "Padre, unanikumbuka? Mpishi wako alinipa sifuri."

"Nakumbuka," mjomba akasema. "Ulikuwa unaeleza habari ya neema. Alibakiwa na neno moja tu, 'yaani'."

Walicheka wote. Mimi sikuweza, kwa sababu Monsinyori aliendelea kusema kwamba amesoma kitabu mara mbili, kinampendeza, ila sura ya tatu kuna mahali pamemkaba. Jumatatu wataketi waitazame. Na yule mama wa mwaloni, angependa kumwona. Angeomba aitwe.

Jumamosi nzima sikula. Nilijua Jumatatu mama yule atapanda mlima na beseni lake, ataulizwa, na atasema hajawahi kusikia sura hiyo. Mbele ya Monsinyori mjomba ataonekana ametunga shahidi. Mtu aliyewapa wengine sifuri. Na nilimwogopa mjomba, si kwamba angenipiga au kunifukuza, niliogopa uso wake.

Saa kumi alasiri mjomba alikuwa anaungamisha kanisani. Nikapanga foleni na akina mama wa Jumuiya. Nilijiona nimepata akili. Nikapiga magoti, nikanong'ona yote: kwamba mama hakuwepo, kwamba niliandika mwenyewe, kwamba sura ya tatu haikulazwa kabisa. Yeye alikuwa ng'ambo ya kile kitambaa. Nilisikia anapumua.

"Ndiyo yote?" akauliza.

"Ndiyo yote, Baba."

"Kitubio chako unakijua mwenyewe," akasema polepole. Akaniondolea dhambi.

Nikasali rozari nzima, na nyingine. Nikatoka mwepesi. Nilifikiri: sasa anajua, atajua la kufanya, amesoma Roma.

Jumapili ilipita. Alisoma Misa, akala ugali wa unga wa njano na sisi, akamwuliza Monsinyori habari za rafiki zao wa zamani. Kwangu hakusema kitu. Alinitazama mara moja nilipompa chumvi, akangoja kidogo na kijiko mkononi, halafu akaendelea kula. Mimi nikachukulia kwamba amenisamehe.

Jumatatu saa tatu waliketi chumbani, mimi pembeni kwenye taipu niandike kumbukumbu. Mlinzi wa nyumba alikuwa ameshatumwa mwaloni. Monsinyori akafungua faili, akaweka penseli yake nyekundu kwenye ukurasa.

"Padre, hapa. 'Hakwenda kuomba mume, alikwenda kuomba shamba.' Mimi nakuheshimu. Lakini hayo si maneno ya mtu wa mwaloni. Ni maneno ya mtu aliyekaa dawati. Na siku hizi ukiandika habari ya mjane anayemwomba mtu binafsi shamba, wakati mashamba ni ya kijiji, kuna watu wa Chama watatuuliza tunamaanisha nini. Nikiulizwa, niseme nani amesema?"

Mjomba alikuwa ameshika lile jiwe.

"Kama ni ya kwako," Monsinyori akaendelea, "sema ni ya kwako, tutazungumza. Kama ni ya mama, basi ni ya mama, nitaitetea mpaka kwa Askofu. Ni ya nani?"

"Juu ya sentensi hiyo sina la kusema."

"Huna la kusema?"

"Sina."

"Padre, kitabu ni chako."

"Ni changu. Sina la kusema."

Monsinyori akavua miwani. "Nakuuliza kitu chepesi. Mama alisema, au hakusema?"

Mjomba alikuwa anatoa jasho. Kwenye nyumba ile ya mawe, asubuhi, jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso linashuka kwenye lile jicho lililokufa, na hakulifuta. "Siwezi kukujibu, Monsinyori."

"Huwezi au hutaki?"

Mjomba akazungusha jiwe mkononi.

"Andika, binti," Monsinyori akaniambia bila kunitazama. "Mwandishi amekataa kujibu."

Vidole vyangu vilikuwa juu ya taipu, na hapo ndipo nilipoelewa. Mambo haya nilifundishwa tangu darasa la Komunyo ya Kwanza. Padre hawezi kusema alichosikia kwenye kitubio, wala kukitumia, wala kuonyesha kwa dalili yoyote kwamba anakijua, hata kwa aliyemwambia. Akisema mama alisema, anadanganya. Akisema hakusema, anavunja muhuri wa kitubio. Hata kuniuliza kwenye chai, "una neno la kuniambia?", hakuweza. Ule muda alioshika kijiko alikuwa ananingoja. Siku mbili zote alikuwa ananingoja. Nilikuwa nimemweleza ukweli mahali pekee duniani ambapo haungeweza kumsaidia, na nilikuwa nimemwelezea huko kwa makusudi, ili nisiuone uso wake.

Nikasikia miguu kwenye mawe. Mama wa dagaa akaingia, beseni kichwani, anahema.

"Hamjambo wenye nyumba. Mimi si wa kanisa lenu, lakini nimeitwa." Akanitazama. "Mwarimu, kuna nini? Nimefiwa?"

"Karibu mama," Monsinyori akasema, akainuka kumpa kiti. "Tunakusumbua kwa jambo dogo. Huyu binti alikusomea..."

"Hakusema yeye," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa ndogo. Monsinyori akageuka. Mjomba hakugeuka, ila jiwe lilitulia mkononi mwake.

"Sema tena," mjomba akasema. "Kwa sauti. Nisikie hapa, mbele ya watu."

Nikasimama. Nikasema mama alikuwa msibani. Nikasema sura ya tatu sikumsomea yeye wala mtu yeyote. Sentensi ile niliandika mimi njiani, juu ya jiwe, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Mjomba akafuta jasho, mara ya kwanza.

"Sasa nimesikia," akasema. "Monsinyori, sasa nina la kusema. Mama hakusema. Maneno hayo yaondoke."

Monsinyori alitutazama, mjomba, mimi, mjomba tena. Hakuwa mjinga. Nafikiri alielewa yote wakati ule, maana aliinama akawa anatafuta miwani iliyokuwa mkononi mwake.

"Vizuri," akasema taratibu. "Basi ni rahisi. Tunakata sentensi moja na mistari inayoifuata. Mengine ni kazi nzuri, Padre, mimi sijaona maelezo kama haya kwa Kiswahili. Kata hapo, natia sahihi leo. Kesho jioni naondoka nayo."

Nilimwomba Mungu mjomba akubali. Naapa niliomba.

"Sura nzima haikulazwa," mjomba akasema.

"Padre."

"Kwenye utangulizi nimewaambia makatekista: kila sura imelazwa. Wataamini, kwa sababu nimesema. Hii haikulazwa. Nakiondoa kitabu."

"Ukikiondoa leo, kamati inaketi tena mwaka kesho. Na macho yako..." Monsinyori alitazama faili. "Mwaka kesho hutaweza kusahihisha hata ukurasa mmoja."

"Macho ni yangu," mjomba akasema. Akanyoosha mkono, akavuta faili polepole mpaka upande wake wa meza. Penseli nyekundu ikaanguka chini. Hakuna aliyeiokota.

Mama wa dagaa alikuwa ameketi wakati wote huo, beseni kwenye mapaja.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Huyu mtoto amesema nimesema kitu, na sikusema?"

"Ndiyo mama," mjomba akasema. "Utusamehe."

"Na ni ile sehemu aliyosema haina maana?"

Nikatazama chini.

"Nilijua!" Akapiga paja. "Basi nisomeeni sasa. Mmenipandisha mlima, dagaa zangu zinaliwa na kunguru. Nisomeeni."

Mjomba akanipa karatasi. Nikasoma, nimesimama, mbele ya Monsinyori, mbele ya mjomba, ile habari ya mama mkwe kumtuma binti, uwanja wa nafaka, giza, miguu ya mzee, na jinsi binti alivyorudi kabla watu hawajatambuana, na shayiri imefungwa kwenye nguo. Hakuna aliyecheka. Nilipomaliza Monsinyori akainama mbele.

"Haya mama, unasemaje?"

Mama wa dagaa akamwangalia kama anamwona mtu asiye na adabu. "Leo? Si mnasema linalala siku mbili?" Akajitwika beseni, akaondoka.

Monsinyori alipanda treni Jumanne bila sahihi. Alipomuaga mjomba alimshika mkono muda mrefu. Mimi nilitakiwa chuoni Jumatano. Mjomba aliniambia niende, barua ni barua, atatafuta mtu mwingine. Kuhusu nilichofanya alisema mara moja tu, tukiwa tunapanga vikadi kwenye kopo: "Uliiandika vizuri. Hilo ndilo linaloniuma."

Sikwenda. Jumatano asubuhi nilishuka mwaloni, na safari hii nilimwambia mjomba asiningoje, twende wote akasikie mwenyewe. Akashika bega langu, tukashuka kwenye mawe hatua kwa hatua, na wanawake wa dagaa wakaacha kazi kumtazama padre amevua viatu.

Mama wa dagaa hakusema lolote la shamba. Wala la mume. Uwanja wa nafaka aliupita kwa maneno mawili. Alichobaki nacho kilikuwa kitu ambacho sikuwa nimekiona, nami nilikuwa nimekichapa mara sita.

"Yule mama mkwe," alisema. "Alimtuma mtoto wa watu usiku, halafu yeye akabaki nyumbani. Mimi nawauliza: alilala?"

Mjomba akainama kuelekea sauti yake.

"Hakulala," akasema mwenyewe. "Ndiyo maana binti alipofika alfajiri alimwuliza wewe ni nani. Anamjua. Anamjua vizuri. Lakini ukikaa macho usiku kucha unamngoja mtu wa kwako, mlango ukifunguka unauliza tu. Mimi niliuliza hivyo siku walipomleta mume wangu."

Akaendelea kugeuza dagaa.

"Mama," mjomba akasema, "naomba rudia."

"Nirudie tena? Nyie watu wa vitabu ni viziwi?" Lakini akarudia.

Nilifika chuoni siku nne baada ya wenzangu, nikalala chini mwezi mzima kwa sababu vitanda vilikwisha, na Mkuu wa Chuo aliniita mchelewaji, na mpaka leo ananiita hivyo. Zile kurasa tatu za daftari, zenye taarifa ya uongo, nilizichana nikampa mjomba. Hakuzichoma. Aliniambia amezikata vikadi, karatasi ni shida.

Idhini haijatoka. Jicho la kushoto limebaki la kuona mwanga na kivuli, na sista mmoja anamsomea. Juzi nimepata barua yake, amechapa mwenyewe kwa kupapasa, nusu ya maneno yamepanda juu ya mengine. Anasema sura ya tatu ameianza upya kuanzia mlangoni, alfajiri, na kwamba ameilaza kwa watu wawili mpaka sasa. Chini kabisa ameandika, na hapo herufi zote zimekaa sawa, hajakosea hata moja: nimekwenda mwenyewe kuwasikiliza.